Kifuniko cha Mzinga wa Chini

Ile asali niliiba mimi. Nianze hapo, maana kwa miaka mingi niliogopa kulisema jambo hili, na sasa nimezeeka, wa kuwaogopa wamekwisha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, upande wa Bomet, karibu na msitu. Wakulima wadogo ndiyo kwanza walikuwa wanapanda chai. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Mume wangu alikuwa kibarua wa misitu kule Londiani, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na wakwe zangu, mimba ya miezi sita, na hamu ya asali isiyokuwa na adabu.

Baba mkwe alikuwa na mizinga minne kando ya mto. Kwetu mizinga ni ya wanaume. Mwanamke hupewa asali, haendi kuichukua. Na asali ya mwaka ule ilikuwa imewekewa harusi ya wifi yangu, kwa hiyo hata kulamba kidole ilikuwa taabu. Lakini mzinga mmoja ulikaa chini, kwenye panda ya mti ulioinama. Asubuhi moja ya baridi, ukungu umefunika chai yote, nilienda na mavi makavu ya ng'ombe yanayofuka moshi. Nikafungua kifuniko, nikakata vipande viwili vya sega, nyuki wakaniuma mara tatu, nikala nimesimama huku asali ikinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikarudisha kifuniko na kukiziba kwa mavi mabichi, nikiyapaka kwa kiganja mpaka yakalainika, kama nilivyozoea kupaka ukuta wa nyumba. Nilijiona mjanja sana.

Haikupita wiki, mizinga miwili ya juu ikakutwa chini, imepasuliwa, masega yametafunwa. Baba mkwe alirudi kutoka mtoni akakataa chai. Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kukaa benchi la mbele, lakini kumshughulikia mwizi wa asali aliona ni kazi ya wazee, si ya mchungaji. Akamwambia mama mkwe kwamba siku ya nne wazee watakuja kumlaani mwizi. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno. Laana ile, nilivyofundishwa tangu utotoni, humpata mwizi pamoja na kilicho ndani yake. Mtoto akapiga teke wakati huo huo. Nikashika tumbo, chakula kikanishinda kuanzia siku ile.

Utauliza kwa nini sikukiri. Bibi arusi mwizi! Ningerudishwa kwetu Ndanai na tumbo langu, na kila mtu sokoni angejua sababu. Niliogopa kusema, niliogopa kunyamaza, na kati ya hofu hizo mbili sikulala.

Kesho yake nikichota maji niliona nyayo kwenye matope, ndogo, zenye kucha ndefu. Nyegere. Watu walidhani wanyama hao walao asali wametoroka tangu msitu ulipokatwa. Nikamwambia mama mkwe, maana mimi na baba mkwe tuliheshimiana kwa kukaa mbali, na maneno yangu yalimfikia kupitia kwake. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie anionyeshe mwenyewe. Sitaambia wazee kitu sijaona na macho yangu."

Basi tukaenda alasiri. Baba mkwe alirusha majivu hewani kuona upepo unaelekea wapi, akachagua mahali ambapo harufu yetu isingefika mtoni. Tumbaku aliiacha nyumbani. Tukakaa, mti mmoja kati yetu, kila mmoja akitazama mbele.

"Usikohoe," alisema bila kugeuka. "Akishtuka leo, harudi tena."

Siku hiyo hakuja. Siku ya pili, iliyokuwa ya mwisho kabla ya wazee, tulikaa mpaka jua likagusa vilima. Koo lilianza kuniwasha. Nilijaza mate mdomoni nikayameza, nikajaza tena. Niliomba Mungu aniletee mnyama, halafu nikaona haya kumwomba Mungu anisaidie kudanganya.

Akaja. Mfupi, mgongo mweupe kama amejitupia shuka, miguu myeusi, anatembea kama mwenye shamba. Wanaume kwetu husema nyegere akimkamata mwanamume humkamata pabaya, na nikamwona mzee wangu wa kanisa akibana magoti polepole. Siku nyingine ningecheka. Lakini mnyama aliacha njia akanijia mimi, akanusa, hatua tatu tu kutoka miguuni pangu. Harufu yake ilinifika tumboni. Sikupumua. Niliwaza kwamba ameijua asali mikononi mwangu, kwamba amekuja kunionyesha kwa kidole.

Akageuka. Akapanda mti ulioinama, moja kwa moja kwenye mzinga wa chini, mzinga wangu. Alikwangua, akavuta, akanguruma nyuki walipomvamia, na kifuniko kikang'oka, kikabingirika mpaka mbele ya baba mkwe.

Tulimwacha ale ashibe. Alipoondoka, baba mkwe aliinuka akakiokota kifuniko. Moyo wangu ulifurahi kwa muda wa pumzi moja tu. Wanaume huziba mzinga kwa kukandamiza mavi ukingoni, kwa dole gumba. Kifuniko kile kilikuwa kimepakwa chote, laini, na alama za vidole vitano vyembamba zilikuwa zimekauka juu yake. Alikitazama kwa muda mrefu. Mimi nilificha mikono ndani ya leso.

Akashuka mtoni, akachutama, akakisugua kifuniko kwa mchanga mpaka mti ukaonekana mtupu. Aliponijia alisimama mbali kama kawaida, macho kwenye chai.

"Wazee nitawaambia ni nyegere. Nimemwona." Akakung'uta maji kwenye kifuniko. "Ukisikia hamu tena, ambia mama. Mtoto hanyimwi."

Jioni ile mama mkwe aliniletea kibuyu kidogo cha asali, akasema kimetoka kwa mzee, akatoka bila kuuliza kitu. Nilikaa nacho mapajani mpaka moto ukazima. Sikuweza kuonja hata tone. Yule niliyemwibia alikuwa amejua, na bado alinipa.