Mapapai ya Mgeni wa Mkoa

Regina Boke alikuwa na kazi ambayo watu wa vilima vya juu ya Nyarero waliicheka kwanza, kisha wakaizoea: alilinda joto. Bruda mmoja wa misheni, aliyechoka kuona mapapai yake yakidumaa kwa baridi ya Julai, alijenga nyumba ya vioo nyuma ya karakana. Ndani aliweka jiko la mkaa lililokatwa kutoka kwenye pipa, kipimajoto ukutani, na dirisha la paa lililofunguliwa kwa kamba. Regina, mjane asiye na mtoto, ndiye aliyefundishwa kuitunza. Jua likipanda alifungua dirisha lote. Jioni aliwasha jiko na kuliacha dirisha wazi kidogo tu.

"Jiko likiwaka, usilifunge kabisa," Bruda alimwonya. "Hewa ya mkaa haina harufu, lakini inaua."

Basi mapapai yakakua humo. Yalizaa matunda makubwa ya manjano, hata watu wa kutoka Sirari wakawa wanapita kuyatazama kupitia vioo kama wanatazama ng'ombe wa mnada.

Bruda aliugua akarudi kwao. Mwaka 1974 ikaja Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya. Malori yaliwabeba watu kutoka maboma yao ya mabondeni na kuwamwaga kwenye shamba la misheni, ambalo sasa lilikuwa kijiji. Walikuta vigingi ardhini vikionyesha nyumba zitakapokaa. Nyumba zenyewe hazikuwapo. Nyuma yao mgambo walikwisha kutia moto mapaa, ili mtu asiwe na pa kurudi.

Kwenye lori mojawapo alikuwa Wegesa, mdogo wake Regina, na watoto wawili: Kezia, binti aliyekuwa ameanza kung'oa meno ya utoto, na kichanga cha kiume kilichokohoa njia nzima. Mumewe Kisyeri alibaki nyuma kutafuta ng'ombe waliotawanyika. Wegesa alijikunyata chini ya turubai bovu pamoja na familia nyingine, na manyunyu ya msimu ule hayakukatika.

Regina alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Waitara.

"Mwenyekiti, shikamoo. Naomba mdogo wangu alale kwenye nyumba ya vioo. Mtoto wake ana kifua."

"Marahaba. Haiwezekani, mama," Waitara alisema. "Mgeni wa mkoa anakuja kuona maendeleo yetu. Tuna nini cha kumwonyesha? Vigingi? Tuna mapapai. Nikimwingiza mmoja, kesho wataingia wote, na hakutakuwa na mapapai." Alisugua macho yake mekundu. Mkewe mwenyewe alikuwa chini ya turubai lilelile. "Wewe washa jiko. Yasidondoke."

Regina alirudi akawasha jiko. Alisimama akiitazama miti iliyopangwa safi, majani yake hayana hata tone la baridi, na nje alisikia kikohozi cha yule mtoto. Giza lilipoanza kuingia alimfuata Wegesa, akamshika mkono, akampitisha nyuma ya karakana.

"Lala hapa chini kati ya mistari. Usiguse matunda. Nitakuja kuwatoa kabla watu hawajaamka."

"Dada, kumbe huku kuna joto hivi," Wegesa alisema, na akaanza kulia.

Regina alikuwa akichungulia mlangoni kama kuna mtu anayepita. Alionyesha juu. "Na hilo dirisha usilifunge." Hakusema zaidi. Akatoka, akarudishia mlango.

Alfajiri alikuta vioo vimejaa mvuke. Dirisha la paa lilikuwa limefungwa, kamba imekazwa kwenye msumari. Wegesa alikuwa amelala ubavu, kichanga kifuani, midomo yake myekundu kama ya mtu mwenye afya njema. Regina alimwita. Alimtikisa. Kisha akamvuta nje kwa mabega, akarudi kumchukua mtoto, na wote wawili walikuwa wamekwisha kukakamaa. Kezia alikuwa amejiviringisha mlangoni, pua yake karibu na ufa wa chini ambamo upepo uliingia. Huyo alikuwa anapumua.

Waitara alifika kabla ya umati. Alitazama maiti, akatazama jiko, akaketi kwenye udongo.

"Ni homa," alisema. "Walikuja na homa. Mama, unanisikia? Ukisema lingine watakufunga wewe, na mimi watanifunga."

Walizikwa siku ileile. Kisyeri alifika jioni, ng'ombe watatu tu mbele yake, akakuta kaburi bichi. Watu walimwambia homa. Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa njia. Ndipo Regina akasimama.

"Si homa, shemeji. Ni hewa ya mkaa. Mimi niliwaingiza, na jiko niliwasha mimi."

Waitara alisema, "Mama, nyamaza."

Kisyeri hakumtazama mwenyekiti. "Hukumwambia kwamba inaua?"

"Nilimwambia asifunge dirisha."

"Ulimwambia kwa nini?"

Kabla Regina hajajibu, Kezia, aliyekuwa amejiegemeza kwake, alijibu kwa ulimi mzito ambao hakuwa nao kabla ya siku ile. "Mama alisema dirisha ni la mapapai. Alisema mapapai yakose hewa yao usiku mmoja tu, mtoto apate joto."

Kisyeri aliinuka akaenda kuwafunga ng'ombe wake.

Mgeni wa mkoa alikuja. Regina ndiye aliyeamriwa kukata mapapai, na aliyakata, akayapanga kwenye sinia, akalishika mbele ya wageni waliovaa suti za Kaunda. Mgeni alikula vipande vingi na kusema kijiji hiki ni mfano. Wakapiga makofi. Regina hakufungwa, wala hakuulizwa lolote na mtu yeyote, na hilo lilimlemea zaidi ya pingu.

Baada ya hapo hakuliwasha jiko tena. Waitara hakumlazimisha. Miti ikapukutika majani kwa baridi ya mwaka uliofuata, na watu wakaja mmoja mmoja kung'oa vioo kwa ajili ya madirisha ya nyumba walizokuwa wakijenga.

Kisyeri alihamia Busawe kwa ndugu zake na kuoa tena. Kabla hajaondoka alimleta Kezia mlangoni kwa Regina, na kibuyu cha maziwa.

"Kaa naye," alisema. "Mimi siwezi kumsikia akiongea."

Regina alimlea. Ulimi wa binti haukupona, na shuleni walimwiga, akaacha kwenda. Jioni walikaa jikoni wawili, mlango wazi hata mvua inaponyesha, Regina akisubiri amalize kila neno.