Jiko la Gesi Siku ya Wakwe

Jiko la gesi nililinunua kwa ubishi. Makala, yale makaa ya kupikia ya kutoka upande wa Beni, yalikuwa yameadimika, nami nilikwisha kuwatangazia majirani zangu wa mtaa wa Kimemi kwamba siku ambayo wakwe wa dada yangu wataleta mbuzi wa mahari, nyama yao nitaichoma mwenyewe. Wakwe hao wana macho. Wakipewa nyama yenye damu, ukoo mzima utasemwa hadi kanisani.

Siku hiyo moto uliwaka vizuri, nikaenda kupanga viti. Niliporudi ulikuwa umenywea, nyama imelala juu ya chuma ikitoa maji tu. Nilizibua matundu ya jiko kwa sindano. Nikapaka mpira wa gesi povu la sabuni nione kama unavuja, hauvuji. Mwisho nikakuta kifungulio cha mtungi kimekazwa karibu chote. Nikajilaumu, nikakifungua, moto ukapanda.

Dakika kumi baadaye ukanywea tena, na kifungulio kimekazwa vilevile. Wakwe walikuwa wamekwisha kuketi sebuleni. Niliwashuku majirani waliochoshwa na majivuno yangu, na hasira ikanipanda. Nilikifungua, kisha nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni.

Aliyekuja ni mama. Aliinama, akakaza kifungulio taratibu, kama alivyozoea kufunika makala kwa majivu.

Mama alihamia kwangu kutoka Eringeti baada ya waasi kumuua baba porini, walikokuwa wamejificha yeye na mama. Hakuwahi kunisimulia siku hiyo, nami sikuwahi kuuliza.

Nilitoka nikimuuliza kwa sauti ya juu kama ni yeye. "Mama, njo weye unafungaka gaz? Bakwe banangoja."

Hakuniangalia. "Moto mukubwa banauonaka mbali," alisema. "Baba yenu alisema nipunguze. Mimi nikaongeza kuni."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya mtungi. Niliona aibu kwa sauti niliyomtolea. Nilivuta kigoda, nikaketi karibu naye, moto nikauacha ulivyo.

Nyama iliiva saa tisa na nusu, wakwe wamekwisha kutazamana mara nyingi. Walipouliza kulikoni, niliwaambia nimenunua jiko bovu.