Aliyeanza Meno ya Juu

"Mafunzo ya Pamoja ya Wauguzi na Waganga wa Meno juu ya Ukaguzi wa Vinywa vya Watoto" yalifanyika Baleni, kando ya mizani ya kliniki. Mama mmoja alimfunika mwanawe mdomo kwa kanga. "Mpimeni uzito tu."

Muuguzi, mzaliwa wa hapa, akamnong'oneza mganga wa meno: mtoto kaanza kuota meno ya juu, mamake anaogopa aitwe kigego, mtoto wa nuksi. Mwongozo wa wizara haukuwa na kifungu cha kigego.

Mganga akamgeukia mama mkwe wa yule mama, aliyekaa pembeni. "Shikamoo, bibi. Hata mimi nilianza ya juu."

"Marahaba, ndugu mganga. Kumbe ndiyo maana wang'oa ya wenzio."

Benchi zima likacheka. Mama akaondoa kanga. Meno mawili yakapanguswa kwa kitambaa safi, mtoto akapimwa uzito, wakaenda zao.