Kinanda cha Marekani na Jenereta la Shemeji

Panya walilitafuna kodiani letu mwezi wa Shaaban, mwezi ambao kila mwenye binti anataka kumwoza kabla Ramadhani haijaandama. Walianza na mikunjo ya kuvutia hewa, wakamaliza na mkanda wa begani. Nilikuwa nimelipiga kodiani hilo miaka kumi na moja, na nasema bila kuona haya kwamba nililia. Dada yangu hakulia. Alilinyanyua, akalitikisa, mavi ya panya yakamwagika sakafuni, akasema, "Basi, tutafute jingine."

Tulikuwa kikundi cha arusi pale Kibiti. Dada ndiye aliyeimba, akina mama sita walimwitikia, wawili walipiga ngoma, na mimi nikawa mwanamume pekee aliyeruhusiwa kukaa uwanja wa wanawake, kwa sharti la kutazama vidole vyangu. Umeme tulipewa na shemeji, mume wa dada, mwenye jenereta lake la dizeli. Shemeji alikuwa fundi. Mashine za kukoboa mpunga, pampu, injini za boti za Nyamisati, zote zilipitia mikononi mwake, na watu walitoka hadi Mchukwi kumletea vyuma vilivyowashinda mafundi wengine. Maneno yake yalikuwa machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu ulilipata, lakini usitegemee nyongeza.

Kulikuwa na jambo ambalo hatukulitaja. Sauti ya dada ilikuwa inashuka. Alipokuwa msichana alipanda mahali ambapo wengine walifika kwa kupiga kelele, na watu walisubiri mahali hapo kama wanavyosubiri pilau. Sasa akikaribia pale pa juu, mishipa ya shingo ilimsimama. Akina mama wa kuitikia walianza kumsogeza mbele mmoja wao, mwenye umri mdogo, kwa kisingizio cha kumpumzisha dada.

Mpigaji mwingine angemshushia wimbo, aanze chini kidogo. Mimi niliujua mwanzo mmoja tu. Nyimbo zote nilianza kwa kubonyeza kibao kilekile, kwa sababu aliyenifundisha alihama kabla ya kunifundisha cha pili. Kwa hiyo ilikuwa juu ya mwimbaji kunifuata, naye dada alinifuata kwa taabu. Siku moja, akichambua mchele, aliniambia, "Mdogo wangu, nimewaimbia mabinti wa watu wote hapa. Wangu nitamwimbia mwenyewe. Lakini siku nikishindwa kufika pale juu mbele za watu, nanyamaza kabisa. Singoji kuambiwa." Binti yake alikuwa bado yuko shule ya msingi. Nilihesabu miaka kichwani, nikaona haitoshi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vilivyokuwa haramu kwa sera vikawa halali kwa tangazo, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa mojamoja. Hoteli moja ya umma huko Dar es Salaam ilipata mwenyewe mpya, naye akabakiza vitanda na kutoa vingine vyote vinunuliwe. Tulikwenda mimi na shemeji. Nilikuwa nimetumwa kutafuta kodiani. Nilichokiona ni kinanda cha umeme, kizee, cha mbao nyekundu iliyong'arishwa, chenye safu mbili za vibao, kanyagio za mbao chini, na uzito wa ng'ombe aliyekataa kusimama. Nilikipenda papo hapo, na nilipopenda niliacha kusikiliza.

Fundi wa hoteli alitueleza kila kitu. Alisema ndani ya kinanda kuna mota ndogo inayozungusha magurudumu ya chuma, na hayo magurudumu ndiyo yanayotoa sauti. Mota inafuata mwendo wa umeme. Umeme ukienda mbio, sauti inapanda. Ukienda polepole, sauti inashuka. Kimetengenezwa Marekani, ambako umeme wao unakwenda mbio kuliko wetu, kwa hiyo huku kitalia chini siku zote, hata ukikifungia transfoma, na ndiyo maana wanamuziki wa mjini walikikataa. Nilitikisa kichwa kwa heshima huku nikipapasa mbao. Shemeji aliuliza swali moja, akajibiwa.

Kilifika Kibiti juu ya lori la nazi. Kukiwasha kulikuwa na utaratibu wake. Swichi zilikuwa mbili: ya kwanza unaishikilia mpaka mota ishike kasi, kisha unabonyeza ya pili, na ukifanya haraka hakilii. Saa ya mkono sikuwa nayo, nikagundua kwamba muda wake ni sawasawa na kusoma Kulhuwallahu mara moja, bila kukimbilia. Shehe wa mtaa wetu alipopata habari alisema kuisoma hakuna ubaya, ubaya ni kinachofuata. Mafuta ya magurudumu tulitia ya cherehani.

Siku ya kwanza tulifanya mazoezi uani. Nilianza wimbo kwenye kibao changu kilekile. Dada akaingia, akapanda, na alipofika pale alipopaogopa akakuta amekwisha kupapita. Aliendelea hadi mwisho wa ubeti akiwa amekodoa macho. Kisha akaketi juu ya kinu, akajifuta uso kwa upande wa kanga, na safari hii alilia.

Mimi nilimwambia kwamba huo ni mkono wangu, kwamba kinanda kizuri kinamtoa mpigaji jasho lake lote. Alinitazama kidogo. Shemeji alikuwa anafunika jenereta kwa gunia.

Ikawa miaka yetu ya sifa. Tuliitwa Mchukwi, tukaitwa Nyamisati, tukaitwa mashambani ambako kinanda kilibebwa na wakata boriti wanane walionitukana njia nzima. Watu walisema dada amerudia usichana. Sauti yake haikurudi, ilizidi kushuka mwaka hadi mwaka, lakini hakuna aliyeliona hilo kwa sababu kila mara alifika pale pa juu bila mishipa. Yule mama kijana akarudi nyuma kwenye kuitikia. Mimi nilipokea pongezi kwa mikono miwili. Nilishona kanzu mpya. Nikaanza kufumba macho ninapopiga.

Kitu kimoja tu kilituharibia, nacho ni jenereta. Lilizidi kuzorota. Taa za mwenye arusi zilififia tulipoanza kupiga, zikawa nyekundu kama kaa la moto. Feni zilizunguka kwa uvivu. Redio za kaseti zilizochomekwa kwenye waya wetu ziliimba kama walevi. Watu walimtania shemeji, kisha utani ukawa maneno. "Fundi wa mashine za wenzake!" Mwenye mashine ya kukoboa akaipeleka kwa fundi mwingine, akisema hawezi kumwachia injini yake mtu ambaye ya kwake inakohoa. Wenye boti wa Nyamisati nao wakapungua. Shemeji aliulizwa, akajibu neno moja: "Imechoka."

Mimi mwenyewe nilimwendea. Nilimwambia, kwa sauti ya msanii, kwamba anatuaibisha, na kwamba kama hawezi kulifunga ringi mpya za pistoni basi tutafute jenereta la kukodi. Alikuwa anakula. Alimaliza tonge lake, akasema, "Nimesikia, shemeji." Kila ninapokumbuka hapo, natamani ardhi inimeze.

Binti akakua, akachumbiwa Maparoni, huko deltani. Arusi ikapangwa mchana, baada ya adhuhuri, ili wageni wa Kibiti wawahi maji ya jioni ya kurudia. Tulipakia kinanda kwenye boti Nyamisati, kikalala juu ya mikeka, nami juu ya kinanda. Tulipofika maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Wenyeji walilaza boriti juu ya tope wakakivusha taratibu, wakizama hadi mapajani, na dada akatembea nyuma yao ameshika viatu, akiangalia tope kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Aliniambia tangu alfajiri hakuweza kula.

Baba mdogo wa bwana arusi alikuwa mnunuzi wa kamba wa baharini. Biashara ya kamba ilikuwa imefunguka, naye ikamfungukia vizuri. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na televisheni na deki ya video, vya kwanza kuonekana pale, akaviweka uwanja wa wanaume, akavichomeka kwenye jenereta letu bila kuuliza. Watu walikaa kuangalia watu wakipigana mateke.

Kwetu, uwanja wa wanawake, bibi arusi akatolewa. Nikasoma Kulhuwallahu, nikabonyeza swichi ya pili, nikaanza. Dada akaimba. Jenereta lilikuwa nyuma ya ua, hatua chache kutoka nilipoketi, na kupitia nafasi ya makuti nilimwona shemeji amechuchumaa kando yake.

Ubeti wa kwanza haukwisha. Yule mnunuzi wa kamba alikuja nyuma ya ua kwa hasira, kanzu ameikunja mkononi.

"Fundi! Picha yangu imesinyaa, inazunguka kama pia. Ongeza moto!"

"Mashine mbovu, bwana," shemeji akasema. "Imezeeka. Nisamehe."

"Mbovu gani? Mkono wako mwenyewe ndio unaoushusha hapo. Naona."

Akainama, akakisukuma kile kijiti cha kuongezea mafuta. Jenereta likanguruma kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia, nguvu ya mashine nzima kabisa, na kinanda changu kikapanda chini ya vidole vyangu bila mimi kufanya lolote. Vibao vilikuwa vilevile. Sauti haikuwa ileile. Dada alikuwa katikati ya neno. Alijaribu kukifuata, mishipa ikamsimama shingoni, sauti ikakatika.

Upande wa bwana arusi mtu akakohoa. Mwingine akacheka, akajiziba mdomo. Bibi arusi aliinua uso chini ya ushungi.

Shemeji aliurudisha mkono wake, akashusha. Kinanda kikashuka taratibu, kikapita pale pa kawaida, kikaenda hadi pale ambapo dada angeweza kusimama, kikatulia. Ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile nilikuwa nimefumba macho na kupokea pongezi, na mtu aliyekuwa akimshushia dada wimbo alikuwa nyuma ya ua, na kijiti cha mafuta, akitukanwa. Lile swali lake moja kule hotelini nikalikumbuka: aliuliza kama umeme ukipunguzwa zaidi kinanda kitaharibika. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Mnunuzi wa kamba hakuelewa lolote. "Huyu si fundi," alitangaza, kwa sauti ya kufika viwanja vyote viwili. "Huyu ni mwosha spana. Kibiti nzima mmekosa mtu?"

Shemeji aliangalia chini. "Ni kweli, bwana. Mashine imenishinda."

Dada alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Nilidhani atakiweka chini, kwa sababu ndivyo alivyoapa, na mkono wake ulianza kushuka. Kisha akakirudisha mdomoni.

"Mashine ya mume wangu nzima," akasema. Spika zetu zilikuwa mbili, moja imeelekezwa uwanja wa wanaume, kwa hiyo hapakuwa na asiyesikia. "Haina ubovu wowote. Nimelala na mlio wake nyuma ya nyumba miaka ishirini, mnadhani siujui? Kilichoshuka ni sauti yangu mimi. Nimezeeka. Yeye anaishusha mashine ili kinanda kinifuate, na nyinyi mnamtukana, na mimi nimekaa kimya kwa sababu ya kutaka sifa. Haya. Anayetaka picha, asubiri. Leo namwoza mwanangu."

Hakuna aliyekohoa. Mnunuzi wa kamba aliachia kanzu yake ikaanguka hadi miguuni, akasimama hapohapo akiwa hana pa kwenda. Yule mama kijana wa kuitikia alikuwa analia waziwazi.

Dada alikwenda kwenye makuti ya ua, akayapanua kwa mikono miwili, akamtazama mumewe. Shemeji alikuwa bado amechuchumaa. Aliangalia wanawake wote wale wanaomwangalia, akapangusa mkono kwenye suruali, akashika kijiti. Safari hii hakujificha. Alishusha kidogo, akamtazama. Mimi nilikuwa nimekandamiza kibao changu kimoja nikakiacha kilie, kikateremka, kikateremka tena. Dada alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Kisha akainua kidole.

"Hapo hapo, mume wangu," akasema.

Nikaanza ubeti upya.