Siku Niliyotoa Hukumu Maktabani

Hili jambo sijawahi kulisimulia mbele ya wanangu, ni aibu, na nyie nawasimulia kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu, maana mpaka leo nikipita Temeke, mtu mzima wa zama zile akiniona lazima atabasamu, na mie najua anachotabasamia.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Jengo la mahakama ya mkoloni pale mtaani kwetu liligeuzwa maktaba ya umma, mahakama yenyewe ikahamia jengo jipya mbali kidogo, vikaletwa vitabu, nikaletwa na mie kuvitunza. Samani hazikuletwa (tuliambiwa zinakuja, basi tukangoja), kwa hiyo vitabu nikavipanga ndani ya kizimba cha washtakiwa, na mie nikakaa kule juu jukwaani, kwenye meza ya hakimu, maana meza ilikuwa hiyo hiyo moja. Sasa mtu akiingia anaona nini? Anaona hakimu.

Wakawa wanakuja na kesi zao kila asubuhi, na kila asubuhi nawaeleza kwamba hapa siku hizi tunaazima vitabu, mahakama imehama, pita hapa, kata kule, nao wananitazama kama karani anayewazungusha ili apewe chai.

Siku hiyo nilikuwa sijalala, nyumbani tuna mtoto mchanga, joto limeshika, akaingia Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, na jirani yake Mzee Linus, mchonga vinyago aliyetoka kusini. Shitaka ni kwamba vumbi la mpingo linamwingilia mama wa watu kwenye unga. Nikaanza maelezo yangu ya kila siku, Bi Mwanaidi akanikatiza taratibu.

"Mwanangu, tumetembea na jua lote hili. Wewe tusikilize tu."

Nikawasikiliza. Niliona kusikiliza ni kazi fupi kuliko kueleza, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikamwambia Mzee Linus ahamishie uchongaji wake nyuma ya nyumba, akakubali, ila Bi Mwanaidi akataka kwa maandishi na mhuri, eti mzee asije akageuka kesho. Mhuri niliokuwa nao ni ule wa tarehe ya kurudisha kitabu. Nikaandika, nikagonga, wakashukuru, wakaenda zao, nikasinzia.

Kumbe nyuma ya nyumba ya Mzee Linus ndipo lilipo dirisha la Ndugu Kasimu, kuli wa bandarini Kurasini, mtu wa kufanya kazi usiku na kulala mchana. (Hakimu wa kweli angeuliza.) Ikawa nyundo na patasi kutwa nzima sikioni mwake.

Wiki iliyofuata akaja mkuu wa wilaya kuikagua maktaba, ameongozana na wazee wa mtaa na hakimu wa ile mahakama mpya, mama mmoja mpole mwenye miwani. Nimesimama jukwaani na shati langu la kuazima, naeleza habari za vitabu, mara namwona Kasimu huyo anaingia, macho mekundu, nyuma yake Bi Mwanaidi na Mzee Linus. Akapita katikati ya wageni mpaka mbele ya meza yangu.

"Mheshimiwa hakimu," akaniambia mie, siyo yule mama, "nimekuja kukata rufaa."

Nikamkonyeza, hakuona. Akaeleza yote, kwamba usingizi ulimzidi kazini, gunia likamponyoka, nusura limwangukie mwenzake, na msimamizi kamwambia likitokea tena asirudi. Kisha Bi Mwanaidi akatoa hukumu yangu kwenye pindo la khanga akampa mkuu wa wilaya, naye akampa yule mama. Akaisoma, akafuta miwani, akaisoma tena.

"Hapa naona hukumu inatakiwa irudishwe mwisho wa mwezi," akasema.

Watu wakacheka mpaka wazee wakashikana mabega. Mkuu wa wilaya hakucheka.

"Ndugu, nani amekupa uhakimu?"

"Hakuna, mheshimiwa. Nilichoka tu."

Ndilo neno lililonitoka, wakacheka upya. Kasimu naye hakucheka, alikuwa ananitazama tu kwa macho yale mekundu, na hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko vicheko.

Yule mama akakaa nao kwenye benchi, akamuuliza kila mmoja saa zake za kazi, basi. Mzee Linus achonge alasiri, vitumbua vimeshauzwa, Kasimu ameshaamka. Hata chai ya wageni haijapoa, wameshaelewana. Mie nikateremshwa jukwaani siku ile ile, nikapewa onyo na kigoda cha kukalia mlangoni.

Tangu hapo sihukumu kitu. Watoto wangu wakigombania mto wa kulalia, namwita mama yao, kisha nachukua kofia yangu natoka nje.