Katoni Niliyoiandika Vitabu

Gitaa la mdogo wangu lilisafiri kutoka Garissa hadi Nairobi juu ya mapaja ya mtu mzima mwenye ndevu za hina. Aliyelipakata hakujua kuwa ni gitaa. Mimi ndiye niliyehakikisha hajui, na mpaka leo nikikumbuka hujikuta nimevuta shungi mbele nifiche uso, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Nauza maziwa ya ngamia. Niliacha shule darasa la saba, mwaka mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo wawili, mvulana na msichana. Wafugaji huniletea maziwa alfajiri kwa pikapu. Nayaonja, nayapima, nayatia kwenye mitungi ya manjano na kuipeleka stendi iwahi basi la asubuhi. Kila muuzaji ana alama yake. Yangu ni kitambaa cha kijani kilichofungwa kwenye mkono wa mtungi. Akina mama wanaoyapokea Nairobi hawajawahi kuniona uso. Wanachojua ni kitambaa kile na neno la mpakiaji wa basi, ambaye husafiri na mzigo wake mpaka mwisho wa safari. Wakimuuliza maziwa ya nani ni mazuri, huwaambia, "Kijani hakina maji." Kwa maneno hayo matatu nimewalea wadogo zangu.

Mpakiaji huyo namwita adeer, yaani baba mdogo, naye huniita adeer vilevile, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa. Hatuna udugu wa damu. Lakini katika miaka ile ya kwanza, mikono yangu ilipokuwa bado haiwezi kuinua mtungi uliojaa, yeye ndiye aliyenipakilia bila kuguna.

Gitaa lenyewe liliachwa na mwalimu kutoka bara aliyepanga chumba chetu cha karibu na lango. Alimfundisha mdogo wangu wa kiume kulipiga, na alipohamishwa akamwachia. Mtaani kwetu wengi husema hicho si chombo cha nyumba ya Mwislamu. Mimi sikuwa na elimu ya kubishana nao, wala sikuwa na moyo wa kumnyang'anya mtoto yatima kitu pekee kilichomfanya atabasamu. Nilimwambia alipige wakati mashine ya kusaga ya jirani inanguruma. Kwa hiyo akawa anajua saa za mashine ile kuliko mwenyewe aliyeimiliki.

Kisha msichana wetu akapata barua ya chuo cha uuguzi. Siku ya kuripoti ilikuwa imekaribia na mimi nilikuwa nimeshauza kila kilichouzika. Mdogo wangu akatoka chumbani na gitaa, akaliweka mbele yangu.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "liuze."

"Na wewe utapiga nini?"

"Mluzi," akasema. "Huo hata wewe huwezi kuuza."

Yeye ndiye aliyejua pa kuliuzia. Kulikuwa na kundi la mtandaoni ambamo watu hupiga mnada wa vyombo vya muziki vilivyotumika. Unaweka picha na bei ya kuanzia, watu wanapandisha dau hapo chini, na saa uliyotaja ikifika, wa mwisho ndiye mshindi. Nilimwambia apige picha na ufa mwembamba uliokuwa karibu na tundu, na ule msumari wa kukazia nyuzi uliolegea. Alilalamika kwamba tutapunguza bei. Nikasema mtu asipate asichokinunua. Nilijiona mwaminifu sana siku hiyo.

Mnada ule ulinishangaza. Mimi mnada niujuao ni wa soko la mifugo, ambako dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka na kubonyezana vidole, bei ikapanda na kushuka pale pale mbele yako usiione. Huku kila mtu alikuwa anaona. Wiki nzima tuliinamia simu yenye kioo kilichopasuka. Ijumaa, saa ya alasiri, mnada ukafungwa, na aliyeshinda alikuwa mama mmoja wa Nairobi aliyelitaka kwa ajili ya vijana wa kanisa lake. Kanuni ya kundi ilikuwa kwamba msimamizi anashika pesa mpaka mnunuzi athibitishe kuwa kitu kimefika kizima. Likivunjika njiani, hasara ni yetu, na chuo ndiyo basi.

Mama yule alitutumia maelezo kwa sauti, taratibu, kama anayemfundisha mtu kumwosha mtoto mchanga. Tulegeze nyuzi lakini tusizitoe. Tutie kitambaa kati ya nyuzi na shingo. Shingo iegemezwe chini na juu, maana hapo ndipo yanapovunjikia. Katoni ikitikiswa, ndani pasisikike kitu. Tulikata katoni mbili za baasto, zile za tambi za dukani, tukaziunganisha. Nguo kuukuu hazikutosha kujaza, kwa hiyo nikaenda kuchukua madaftari yetu ya zamani, yakiwemo yangu ya darasa la saba, tukayakunja na kuyashindilia pembeni.

Ndipo ikaja kazi ya kuandika juu ya katoni kilichomo. Basi halichukui mzigo bila hayo.

Nilishika kalamu nikaiona stendi yote mbele ya macho yangu: wauza maziwa wenzangu, wapakiaji, na maalim wa madrasa, aliyewasomesha wadogo zangu bila kuniomba hata shilingi, ambaye hupita hapo kila asubuhi kununua anjera, mikate yake ya chai. Watu walikuwa wakisema, yatima wa yule marehemu wamelelewa vizuri. Nikaiona na katoni yenye kitambaa cha kijani, imeandikwa gitaa. Nikaandika VITABU. Mdogo wangu alinitazama.

"Si madaftari yamo?" nikamwambia. "Nimedanganya nini?"

Asubuhi yake adeer aliipokea katoni, akaigeuza.

"Vitabu," akasoma. "Vya nini, adeer?"

Kabla sijajibu, muuza maziwa mwenzangu, mwanamke asiyeacha jambo lipite, akadakia: "Anarudi shule huyo! Darasa la nane limemngoja mpaka limeota ndevu!"

Watu wakacheka. Ningecheka nao yakaisha. Badala yake nikasema, "Ni vya madrasa. Huko Nairobi."

Hakuna aliyenilazimisha. Vitabu peke yake vilikuwa vimetosha.

Adeer aliiweka katoni juu ya kiti, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akajifuta kwa shuka lake, akasema bismillahi, ndipo akaishika tena. Nikamnyooshea nauli ya mzigo. Akaurudisha mkono wangu.

"Wallahi sichukui. Unataka kuninyima thawabu?"

Karani wa mizigo, kijana kutoka bara, akamwambia, "Mzee, tupa tu kwa buti, tuende."

"Kwa buti iko maziwa," adeer akamjibu kwa Kiswahili. "Hii hakuna kuweka chini, hakuna kitu kukaa juu yake. Bole bole, kijana. Hii nabeba mimi."

Akapanda nayo, akaketi kiti cha nyuma ya dereva, akailaza mapajani. Basi likaondoka. Nilikuwa na muda wa kugonga bati na kusema, adeer, ngoja. Nilisimama tu, nauli ikiwa bado mkononi.

Kesho yake mama wa Nairobi alituma picha. Gitaa lilikuwa zima, limelala kitandani kwake katikati ya madaftari yetu yaliyokunjuliwa. Aliandika kwamba amenunua vyombo vingi na hajaona kilichofika hivyo, hata kona moja ya katoni haikubonyea. Alituuliza siri yetu ya kufunga mizigo. Mdogo wangu akaruka kwa furaha. Msichana wetu aliripoti chuoni siku ileile aliyotakiwa. Mimi nilimsindikiza nikiwa na mate machungu mdomoni.

Adeer aliporudi alinitafuta kwa hamu, kama mtu mwenye zawadi.

"Unajua pale kizuizini, ng'ambo ya daraja la Tana? Tuliteremshwa wote. Askari akataka kukata kamba ya katoni yako. Nikamwambia, kijana, hivi ni vitabu vya dini, mwenyewe namjua tangu mdogo. Akaniambia niape. Nikaapa. Akaniambia niape tena. Nikaapa tena!" Akacheka. "Sasa waambie watoto wa madrasa hiyo waniombee dua. Huu mgongo unaniua."

"Nitawaambia," nikasema.

Kuanzia hapo, kila juma au mawili, akishusha mtungi begani aliniuliza, "Wananiombea?"

"Wanakuombea."

"Naona mgongo umepoa kidogo," alisema siku moja, akijikandakanda kiunoni. "Dua ya mtoto haichelewi."

Niliporudi nyumbani siku hiyo sikuweza kula. Mdogo wangu alidhani naumwa. Nilikuwa nimewaza kwamba uongo wangu ulikuwa wa asubuhi moja, na kumbe nilikuwa naulisha kila wiki.

Lililonivunja lilikuja kwa upande wa maziwa. Nairobi mitungi ya muuzaji mmoja ilikutwa imetiwa maji, na akina mama wakaanza kushuku vitambaa vyote. Adeer aliniletea habari hiyo akiwa ametulia kabisa.

"Wewe usihofu. Nimewaambia, wa kijani nilishamwapia hata mbele ya serikali. Nikawaapia na wao."

Nilimshika ukingo wa shuka nikamvuta nyuma ya basi, mahali ambapo moshi wa injini hufukuza watu.

"Adeer, ile katoni haikuwa vitabu vya madrasa. Ilikuwa gitaa la mdogo wangu. Nililiuza. Niliona haya, sikutaka watu wajue."

Alinitazama kama anayengoja niseme kilichobaki.

"Gitaa?"

"Gitaa."

"Lile nililonawia mikono?"

Nikainamisha kichwa kukubali.

"Na watoto wanaoniombea?"

"Hawapo."

Akaweka mkono mgongoni mwake, pale panapomuuma, akauacha hapo. Akauliza, "Lilikwenda kwa nani?"

"Mama mmoja. Ni la kanisani."

"Kanisani." Akatazama juu. "Basi angalau huko litamtaja Mungu."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Akanyoosha kiganja.

"Nipe nauli ya mzigo."

Nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye ncha ya shungi tangu siku ile. Akaichukua, akatafuta mfukoni, akanirudishia chenji, kama anavyomrudishia msafiri yeyote. Kisha akaenda kupakia.

Siku tatu zilizofuata sikumwona akinywa maji. Ilikuwa miezi ya joto, ile ambayo hata mbuzi wa stendi hulala chini ya magari. Yeye alipanda na kushuka ngazi ya basi, midomo imepauka. Mpakiaji mwenzake akamtania, "Warya, Ramadhani imekujia wewe peke yako?" Mimi nikaelewa. Alikuwa anafunga kafara ya kiapo, fidia ya aliyeapa uongo.

Nilikwenda kwa maalim, yule yule niliyekuwa namficha, nikamwambia yote tangu kalamu na katoni. Alinisikiliza akiwa ameshika anjera yake kwenye gazeti. Akasema anayeapa juu ya jambo analoamini ni kweli hadaiwi kafara. Mzigo ni wa aliyemdanganya. Hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza.

Nikakimbia stendi na kikombe cha maji.

"Adeer, maalim amesema wewe huna kosa. Kunywa."

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Mdomo ulioapa ni wangu," akasema, akainua mtungi mwingine.

Nami nilifunga siku tatu baada ya hapo. Lakini mimi nilifunga nikiwa nimekaa kivulini.

Sasa ni miezi mingi. Msichana wetu ameanza kuvaa sare nyeupe, na mdogo wangu anapiga mluzi kweli, hata mashine ya kusaga ikiwa imenyamaza, nami simkatazi. Maagizo ya kitambaa cha kijani hayajapungua, kwa hiyo nadhani adeer huwaambia akina mama wa Nairobi neno fulani. Ni neno gani siku hizi, sijathubutu kumuuliza. Bado ananiita adeer.

Hajawahi kuniambia nifungue mtungi. Mimi mwenyewe ndiye ninayeifungua, mmoja baada ya mwingine, kabla hajaigusa. Yule muuza maziwa mwenzangu hunipigia kelele: "Unafungua nini, we mwanamke? Vumbi lote la Garissa linaingia!" Siku za kwanza nilitumaini adeer angesema funika tu, nakujua. Hasemi. Huinama, mkono mmoja ukiwa mgongoni, hutazama ndani, hungoja nirudishe kifuniko, ndipo hubeba.