Binti Niliyesema Hashiki Lugha

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Kimamba, na jamani, nimejiaibisha. Naserian, binti wa wafugaji, alinirudishia karatasi tupu kila jaribio mpaka uvumilivu ukaniishia. Nikamweleza mkuu wa shule kwamba mtoto ana tatizo la kujifunza, apelekwe shule maalumu. Tukamwita bibi yake. Bibi hajui Kiswahili, basi Naserian akawa mkalimani wetu.

"Mwambie bibi kwamba wewe hushiki lugha kabisa," nikasema kwa hasira.

Akamweleza kwa Kimaasai bila kusita. Bibi akanikazia macho, akasema maneno machache.

"Samahani mwalimu," Naserian akasema taratibu. "Bibi anauliza, sasa hapa mnaongea kupitia kwa nani?"

Mkuu wa shule akanigeukia, naye akingoja jibu.